Mwalimu wa asilimia 52 aingia masomo ya uuguzi

Bukavu. Katika komini ya Kadutu wengi wanamjua kama mwalimu. Miaka 12 alishika chaki katika kalasi ya 4 ya shule moja ya msingi, na mpaka leo akipita sokoni wanafunzi wake wa zamani, wengine wamekwisha kuwa wazazi, wanamwita "mwalimu". Lakini siku hizi asubuhi anapanda kilima akiwa na bluzi nyeupe ndani ya mfuko. Ana miaka 36 na yuko mwaka wa kwanza wa uuguzi.

Watu wakisikia hivyo wanauliza kwanza: alipitaje? Kwani diplome yake ya serikali, aliyoipata katika seksioni ya pedagojia, ina asilimia 52. Katika inchi yetu 50 inatosha kufaulu Exetat, na kwa karatasi diplome ya 52 ni diplome kama ile ya 70. Mtaani hawaioni hivyo. Mtaani 52 ni pointi za kusukumwa.

Habari yake inaanzia mwaka wa shule wa 2019. Serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo, watoto walijaa mpaka wengine wakakaa chini. Kwa wazazi ilikuwa nafuu kubwa, hakuna wa kubisha. Lakini mwalimu ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha ya malipo ya serikali alikuwa anaishi kwa prime ya wazazi, na prime ilikatwa. Yeye alikuwa mmoja wao. Akaendelea kufundisha, na saa zake za bure akajitolea kuwa reko, yaani wale wanaopita kwenye mitaa kwa kazi za afya.

Kwenye kampeni za chanjo ya polio alizunguka nyumba kwa nyumba: matone mdomoni, wino kwenye kidole cha mtoto, alama ya chaki kwenye mlango. Mama waliofukuza reko wengine walimfungulia yeye, kwani aliwafundishia watoto. Jioni karatasi zake za hesabu zilikuwa hazina makosa. Muuguzi mkubwa wa sentre ya afya akamwambia siku moja: "Mwalimu, hii kazi ungeisoma."

Kwenye chuo cha kwanza, mtu wa aparitora aliangalia asilimia, akarudisha bahasha. Cha pili kilikubali afanye mtihani wa kuingia. Hapo akatambua kwamba shida yake kubwa haikuwa 52. Shida ilikuwa kemia. Katika pedagojia alijifunza namna ya kupanga somo na kushika kalasi. Habari za atomu alizigusa kidogo tu, na miaka mingi ilikuwa imepita.

Akaenda kuazima madaftari kwa msichana mmoja wa kalasi ya 6 ya bio-kemia, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani. Msichana alikuwa anamweleza kwa haya, macho chini. Yeye akamwambia: "Hapa wewe ndiye mwalimu, nisahihishe bila woga." Miezi 4 walifanya hivyo, Jumamosi mchana, na siku nyingine usiku kwa taa ya simu.

Barua yake ya kuomba nafasi haikuficha pointi. Aliandika kwamba alipata 52, akaambatanisha karatasi ya sentre ya afya inayoonyesha miaka 3 ya ureko. Mtu akiwa na pointi kidogo, mara nyingi anatafuta ndugu ndani ya ofisi, na bahasha inatembea. Ni ugonjwa wetu huo, na unafikia mpaka kwenye kitanda cha mgonjwa. Huyu alipita kwa mtihani.

Ndugu zetu waliokwenda Marekani wanasimulia kwamba kule kuna vyuo vinavyopokea mtu mwenye digri ya kazi nyingine, akaingia moja kwa moja kwenye master ya uuguzi, ingawa vingi vinataka wastani wa 3 juu ya 4. Kwetu hakuna njia hiyo ya mkato. Hata ukiwa na mvi, unaanza mwaka wa kwanza: miaka 3 ya licence, halafu master miaka 2 kama nguvu bado ipo. Wenzake wa promosheni wana miaka 19. Wanamwita papa.

Nyumbani ndiko kugumu. Mke wake anauza sambaza. Siku alipoleta karatasi ya kukubaliwa, mke aliisoma yote, akauliza: "Baba, minervali ni yako na ya watoto. Tunalipa ipi kwanza?" Hakuna aliyekuwa na jibu zuri. Wanalipa kwa vipande, na binti yao mkubwa amekwisha kurudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya deni. Baba anasema akimwona binti amekaa uani saa za shule, anatamani kurudisha bluzi. Mke ndiye anayekataa, kwani franga zilizoingia chuoni hazirudi.

Matokeo ya sesheni ya kwanza yametoka. Anatomia 14 juu ya 20. Huduma za msingi kwa mgonjwa 16. Biokemia 9, na inatakiwa 10. Ataifanya tena kwenye sesheni ya pili. Madaftari bado hajayarudisha, na msichana amesema Jumamosi aje.