Njia ya Ndabibi

Matatu ya Ndabibi haitoki Naivasha mpaka ijae, na haijai watu peke yao. Miguuni pangu palikuwa na mtungi wa gesi, nyuma vifaranga ndani ya katoni, na kondakta bado akiita, "Mmoja wa Kongoni! Mmoja!" Mama niliyeketi naye aliniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia sijawahi kufika, nataka tu kupaona.

"Kijana, huko ni vumbi na mahindi," akasema kwa huruma.

Sikumweleza kwamba hamu yangu nyingine ilikuwa ya njiani. Mimi ni mtu wa Nakuru, na kwetu mwanajeshi ni yule wa Lanet, wanakofunzwa makadeti: buti, gwaride na amri. Nilitaka kuona mahali ambapo mmoja wao alifanya kazi ya kuketi na kusikiliza.

Tukapita Karagita. Upande wa kulia, nyuma ya migunga, likatokea lango la Simba Lodge. Hakuna abiria aliyegeuza shingo.

Humo ndimo Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo alimowasuluhisha Wasudan wa kaskazini na kusini waliokuwa vitani. Alikuwa amepitia ujasusi wa kijeshi, na ndiye aliyekuwa kamanda wa jeshi la nchi kavu Rais Moi alipomkabidhi kazi hiyo mwaka 2001. Kibaki alipoingia Ikulu, hakumwondoa. Itifaki ya Machakos ya Julai 2002 ilitia moyo, lakini mwaka uliofuata rasimu iliyotolewa kwetu Nakuru ilikataliwa katakata na serikali ya Khartoum. Mtu wa haraka angefunga mafaili. Septemba ya mwaka huo huo wa 2003, John Garang, kiongozi wa waasi wa kusini, na Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, wakakutana ana kwa ana kando ya ziwa hili la Naivasha, na tarehe 25 pande zao zikatia saini mapatano ya usalama: kila upande ubaki na jeshi lake, na viundwe vikosi vya pamoja. Mgao wa mafuta ukaja Januari 2004, wa madaraka Mei. Mpangilio huo naona ulikuwa na akili ya kijeshi, maana mpiganaji hajadili pesa kabla hajajua bunduki yake itawekwa wapi. Amani kamili ilitiwa saini Nairobi, 9 Januari 2005.

Kongoni tuliachana na ziwa. Vumbi likaingia hadi ndani ya vifungo vya shati, kisha bonde likafunguka: mahindi, ng'ombe, na mlima Eburru kwa mbali.

"Haya, umepaona," mama akasema akishuka.

Walimu wa historia wa Naivasha na Nakuru, kabla ya ziara ya Fort Jesus, leteni watoto kando ya ziwa hili kwanza. Waelezeni kazi ya ofisa asiposhika bunduki.