Mizizi Inapanda Feri

Mtu wa Chaani, huku Changamwe, aweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka huku Likoni akiijua kwa redio tu. Mombasa ndivyo ilivyo: bara tatu zimekizunguka kisiwa, na kila moja ina mlango wake. Sisi wa Changamwe huingia mjini kwa Makupa, wa Kisauni kwa Daraja la Nyali, wa Likoni kwa feri. Kutoka bara moja kwenda nyingine ilikuwa huna budi kupitia mjini, na ukishafika mjini shughuli zako nyingi zimekwisha papo hapo. Siku hizi iko barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini ikatokea upande wa Kwale bila mtu kuiona feri, lakini hiyo ni ya wenye magari, na mimi ni mtu wa matatu.

Kilichonivusha ni dawa ya kifua. Kila wiki mama mmoja wa Mtongwe, upande wa Likoni, huja huku kwetu Magongo na kikapu cha dawa za miti shamba, akaketi kwenye kibaraza cha duka la mkwewe, na watu wakamjia mmoja mmoja: makuli wa bandarini wanaolia na viuno, akina mama wenye watoto wa kikohozi, wazee wa sukari. Mamangu mzazi ni mteja wake. Nikamuuliza dawa hizi anazitoa wapi. "Njoo ng'ambo uone," akaniambia. "Na uvae viatu vya kufunga, si hizo ndara."

Ukivuka kwenda Likoni asubuhi unakwenda kinyume na dunia. Umati wote unatoka huko kuja mjini kazini, umebanana bega kwa bega nyuma ya magari, na feri ikigusa tu gati watu wanamwagika. Yetu ya kurudi ilikuwa na nafasi ya kujinyoosha. Mwenda kwa miguu halipi. Magari ndiyo yanayolipa. Kando yangu mzee mmoja alikuwa akimwonyesha mjukuu wake upande wa Mtongwe, ndani ya mkono wa bahari, akimsimulia tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipopinduka kule na watu 272 wakapotea. Mtoto alikuwa akila mabuyu na kutema kokwa majini.

Likoni inakupokea kwa karatasi. Nguzo za stima zimebandikwa matangazo ya waganga kutoka kila pembe: wanaorudisha mpenzi, wanaozindika shamba, wanaovuta pesa, wanaopandisha cheo kazini, malipo baada ya kazi, na nambari ya simu kwa wino mwekundu. Mama alikuwa akinisubiri pale pale stejini, kajifunga leso mbili, mkononi ana panga iliyofungwa kwa gazeti na mtaimbo mfupi. "Sabalkheri, mama." "Sabalkheri, mwanangu. Umezisoma hizo? Mimi sina hata moja." Hapigi ramli, hapungi majini, hasomi nyota. Anayetaka kombe la aya za Kurani humwelekeza kwa maalimu, anayetaka kuaguliwa humwambia atafute kwingine. Yeye ni wa mizizi, magome na majani, basi.

Tofauti hiyo anaishikilia kwa nguvu, na nina hakika sababu mojawapo ni mwaka 1997. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka huo kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na vurugu zilizofuata zikaua watu wengi na kuwahamisha wengine kwa maelfu. Wavamizi walikuwa wamelishwa viapo na kukingwa kwa dawa ya vita katika misitu ya pande hizo za kusini, na jina la mmojawapo, Kaya Bombo, likajulikana nchi nzima kwa ubaya. Mwenye fuko la mizizi, anasimulia mama, akawa anapekuliwa njiani na jirani anamkwepa salamu. Alikaa ndani na kuuza mandazi mpaka mambo yalipotulia.

Nilitarajia msitu. Tulipita ploti. Kutoka barabara kuu hadi ukingo wa maji kulikuwa na kuta za mawe, mabati, misingi ya nyumba iliyoota nyasi, na hapa na pale mkanju au mwembe ulionusurika. Mama alitembea akinitajia vitu visivyokuwapo: pale palikuwa na mkwamba, hapa mkunazi, ule ukuta wa kijani umesimama juu ya kichaka alichokuwa akichimba tangu akiwa mwari, akimbebea nyanyake kikapu. Na kaya je? Akasimama. Misitu ya kaya za Mijikenda ina wenyewe na miiko yake. UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008, lakini marufuku ya kukata ovyo ni ya zamani kuliko UNESCO. "Kaya huingii na panga kama unakwenda kuchanja kuni," alisema, na mazungumzo hayo yakaishia hapo.

Mti tuliouendea ulikuwa ndani ya ua wa tajiri mmoja aliye Dubai. Mlinzi alifungua geti bila neno, akapewa kichupa cha dawa ya mgongo, akarudi kwenye kiti chake. Ndio mkataba wao.

Mjafari hauhitaji kutambulishwa mara mbili. Shina lake limejaa vinundu vigumu, kila kimoja na mwiba nchani, na ukifikicha jani linanukia ndimu. Mama aliuzunguka akipapasa, akanionyesha kovu la zamani lililokwisha kujifunga, kisha akachagua upande mwingine. Alikwangua vinundu kwa panga, akachora mistari miwili ya kusimama, upana wa vidole vinne, akapenyeza ncha na kuvuta. Gome liliachana na mti kwa mlio wa kitambaa kinachochanika. Ndani lilikuwa la manjano, na majimaji yakaanza kutoka. Akakandika udongo mahali pale. Hakuvua tena, ingawa mti ulikuwa mnene na fuko lilikuwa tupu. Chakula cha mti hushuka kutoka majanini kwenda mizizini kwa njia ya gome la ndani. Ukilivua likazunguka shina, mti utasimama miezi ukidhani ni mzima, kumbe umeshauua. Akanipa kipande nitafune. Ulimi ulitekenyeka, ukachoma, ukafa ganzi, na nikaelewa kwa nini watu wa jino humjia usiku.

Kazi ya shambani ilikwisha kabla jua halijakolea. Gome la kiganja, mizizi ya mkwamba kutoka kando ya njia, fungu la kivumbasi. Mengine yote hutoka mbali: Waa, Tiwi, na mara nyingine gunia hutumwa kwa matatu kutoka Lunga Lunga likashushwa kwa nauli ya abiria. "Zamani dawa nilikuwa naing'oa nyuma ya choo," alisema. "Sasa ukinilipa mia mbili, nusu ni nauli." Hapo ndipo nilipoiona kazi yake kwa sura nyingine. Tunamfikiria mganga wa miti shamba ameketi amezungukwa na mimea. Huyu siku yake imejaa steji, makondakta, walinzi wa ploti na foleni ya feri. Ndimu na tangawizi anakwenda kununua Kongowea, upande wa Kisauni, kwa sababu huko ni bei ya jumla. Vya dukani anafuata Marikiti, mjini. Bara zote tatu anazikanyaga wiki moja. Mimi wa Chaani ndiye mshamba.

Kwake majani hukaukia kivulini, juu ya mkeka chini ya makuti, maana jua kali huondoa harufu, na harufu ikiondoka dawa nayo imepungua. Mizizi na magome ndiyo huanikwa juani. Kila mtungi una tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Vinu viwili: kimoja cha dawa za kunywa, cha pili cha za kupaka, na ole wake mjukuu atakayevichanganya. Kipimo chake ni kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho mkono, na humpa mgonjwa aende nacho nyumbani ili asisingizie kikombe cha chai.

Rafu yake iliniacha nikicheka. Nusu ya hizi tunazoziita dawa zetu za asili zimepanda chombo: habasoda, uwatu, haliliji, mvuje, sanamaki, urukususi, ubani, vitu vya Bara Hindi na Uarabuni na Pembe ya Afrika, vilivyokuja na upepo wa kaskazi zama za mababu na bado vinakuja kwa makontena. Hata mwarobaini, ambao kila nyumba ya pwani inao uani na kila mtu anauapia kuwa ni wetu, asili yake ni Bara Hindi. Sanamaki utaipata pia duka la dawa ikiwa tembe ya kufungua choo. Wale wanaogawa tiba mafungu mawili, ya kizungu na ya kwetu, waje waipange rafu hii.

Adhuhuri watu wakaanza kubisha hodi. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, maana mama haanzi kwa dawa, anaanza kwa maswali, na maswali ni mengi. Ulianza lini? Choo kikoje? Unakula nini usiku? Hospitali walikwambiaje? Bwana mmoja wa sukari alitaka unga wa uwatu ili aachane na tembe zake. Mama alidai kadi ya kliniki, akaisoma kwa miwani, akakataa. Uwatu nao hushusha sukari. Ukiujumlisha na tembe bila kipimo, mtu anaweza kuanguka barabarani. Wala tembe haziachwi kwa shauri lake. Mwanamke mjamzito mwenye choo kigumu alinyimwa shubiri, ambayo huweza kuamsha uchungu kabla ya wakati, akaambiwa ale mapapai na anywe maji. Mtoto aliyekuja anawaka homa hakufika hata mkekani. "Dole likatobolewe kwanza. Ikiwa si malaria, rudini." Wakapanda bodaboda kwenda hospitali ya Likoni.

Nilimuuliza kama haoni uchungu kuwafukuza wateja, na mjafari wenyewe watu wanautumia kwa malaria. Alijibu kwamba mjafari anautumia, ila mtoto wa homa hangoji mizizi ichemke. Nami nikakumbuka jinsi dawa kali za malaria zilivyotoka mitini: kwinini katika gome la mti wa Amerika ya Kusini, na artemisinini katika jani la Uchina ambalo lilimpa mtafiti Tu Youyou tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini jani lile lilipita maabara, likapimwa kiasi chake. Gome la Mtongwe kiasi chake anakijua mama na kikombe chake.

Ukutani ana cheti ndani ya fremu. Ni cha idara ya utamaduni, pale pale wanapoandikishwa wacheza ngoma. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilitaka tiba asili itungiwe sera na chombo chake cha kuisimamia. Kwa upande mwingine Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, ya wakoloni, ingali vitabuni. Askari asiyejua tofauti akikuta fuko la mizizi ana uhuru mkubwa wa kuchagua. Kwa hiyo mama hubeba nakala ya cheti kikapuni, chini ya ndimu.

Jioni niliomba dawa ya kifua ya mamangu nirudi nayo, kwani ndiyo iliyoanzisha safari. Akashika mtungi, akaurudisha. Mamako anameza nini siku hizi? Nikamwambia ameanzishiwa tembe za presha mwezi uliopita. Basi hakuna, akasema. Ile dawa ina urukususi, na urukususi hupandisha presha. Atanichanganyia nyingine ya tangawizi, kivumbasi na asali, lakini kwanza nipige picha ya maboksi yote ya tembe, pande zote mbili, nimtumie kwa WhatsApp kabla ya siku yake ya Magongo. Na ile chupa ya zamani iliyobaki nyumbani niimwage.