Nguo za Watu ni Amana

Mama mmoja mtaani kwetu, mwenye duka dogo la dobi, alinijia na huzuni. Pasi ilikuwa imeunguza buibui la mteja, na bei yake ilizidi faida yake ya wiki mbili. Akauliza, "Sheikh, yanipasa kulipa?"

Nilimweleza kuwa katika madhehebu yetu ya Kishafi, kauli yenye nguvu ni kwamba fundi wa watu wengi hadhamini ila akizembea. Abu Yusuf na Muhammad, wanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, walimbana zaidi. Pasi iliyosahauliwa juu ya nguo ni uzembe, basi alipe. Alilipa kwa mafungu, naye ana watoto wa kulisha.

Kwa msiba kama huu takaful hufaa: wanachama huchangia mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana, na aliyepatwa husaidiwa humo. Kenya imekuwako tangu 2011. Dada zangu, mkiulizia kinga ya dhima, someni masharti, kwani mara nyingi nguo iliyo mikononi mwa dobi haimo mpaka iandikwe waziwazi. Nanyi hesabuni nguo mbele ya mwenyewe, mwandike risiti. Wabillahi tawfiki.