Furungu la Mama

Katika kamusi, furungu lina maana mbili: tunda kubwa la jamii ya chungwa, na pambo la fedha livaliwalo na wanawake mguuni. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba hayo ni maneno mawili yaliyokutana katika sauti moja kwa bahati. Leo nasadiki vingine, wala sioni haya kukiri kuwa nilichelewa kujifunza.

Nyumbani kwetu Kilwa Kivinje mfurungu ulisimama uani. Mama alikuwa na jozi ya mafurungu ya fedha, manono, matupu ndani, yaliyotuna ubavuni mithili ya tunda lililoiva. Sonara aliyeyafua aliyajaza vitone vidogo vidogo, kama vile vilivyo katika ganda la furungu. Nilipopata nafasi ya kusoma chuoni, nauli ilipungua. Mama alivua furungu moja akanipa nikaliuze Lindi. Sonara alilipima mizanini, akalitia chunguni juu ya makaa. Niliitazama fedha ikilegea, ikipoteza vitone vyake, ikawa uji mweupe. Nikapokea shilingi zangu nikaenda zangu.

Baadaye masomo yalinifikisha Lisbon. Katika jumba la makumbusho niliona monstransi, chombo cha ibada cha Wakristo, kinachonasibishwa na sonara Gil Vicente. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliitoza Kilwa kodi ya dhahabu, na mwaka 1506 dhahabu hiyo ikawa chombo hicho. Maandishi yaliyochorwa juu yake yanashuhudia. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti, na kitako kimepambwa kwa maua na ndege. Nilikizunguka nikitafuta ua la mkoko, kaa, au kole la nazi. Sikuona hata kimoja. Dhahabu ilitoka kwetu, lakini jicho lililoipa umbo halikuwa letu.

Hapo ndipo nilipolikumbuka chungu la Lindi. Madini hayana kwao. Huyeyuka, husafiri, hutii kila nyundo. Kwao ni pale fundi alipotazama kabla ya kuwasha moto. Na fundi wa mama alitazama mti uliokuwa uani kwa kila mtu. Fedha iliyeyushwa hupatikana tena kwa uzito ule ule, bali mtazamo ukiyeyushwa haupimwi wala haurudi.

Mama alipofariki, ndugu zangu walishauri furungu lililobaki liyeyushwe, tugawane pete. Haki yao niliijua. Nikawalipa thamani ya uzito wake. Sasa hulipeleka darasani na kuliweka mezani kando ya tunda lenyewe, wanafunzi walipapase moja baada ya jingine, kisha tufungue kamusi.

Daima yupo aulizaye la pili liko wapi. Humjibu: ndilo lililonisomesha.