Ukungu wa Kilolo na Darubini za Redio

Mwishoni mwa Julai, 2022, tulifuatana na vijana wanne wa madrasa yetu kwenda Kilolo, mkoani Iringa, kuwazuru ndugu zetu Waislamu wa huko na kutazama pamoja nao mwandamo wa Muharram, 1444. Ukitoka Iringa mjini wateremka hadi Ipogolo, kisha waacha njia kuu na kupanda, na kila unapopanda baridi huzidi; hata vijana wetu, waliokataa masweta kwa majivuno, wakaishia kugombea blanketi moja. Wenyeji walitupokea kwa "Kamwene" na chai ya moto.

Jua lilipotua tulisimama kilimani. Ukungu ukapanda kutoka mabondeni, ukafunika magharibi yote. Hilali hatukuiona.

Ndipo kijana mmoja alipouliza: "Maalim, zile darubini za redio zilizopiga picha ya shimo jeusi, si zingeona hata nyuma ya ukungu huu?" Tulimjibu kwa haraka kuwa ndiyo, mawimbi ya redio hayajali wingu. Jibu hilo halikuwa sahihi, na kwa kuwa wako wengi waliolisikia, yatupasa kulisahihisha hapa.

Mawimbi marefu, kama yale yatuleteayo habari nyumbani, hupenya mawingu bila taabu. Lakini picha ile, iliyotangazwa tarehe 12 Mei, 2022, ilitokana na mawimbi yenye urefu wa milimita 1.3 tu, mafupi kuliko punje ya mtama. Mawimbi hayo hunywewa na mvuke wa maji ulio hewani, hata usiku usio na wingu. Kwa hiyo darubini zake huwekwa penye urefu na ukavu: milima ya Chile na Hawaii, na Ncha ya Kusini, ambako baridi huigandisha hata ile unyevu ya hewa.

Tulipoendelea kusoma, lililotushangaza zaidi ni hili, kwamba vitu hivyo havitulii. Shimo jeusi la kundi la nyota liitwalo M87, ambalo picha yake ilitolewa mwaka 2019, gesi yake huchukua siku au majuma kulizunguka. Lakini lile la katikati ya kundi letu wenyewe, lenye uzito wa jua zetu milioni 4 hivi, huzungukwa kwa dakika tu. Ni kama chungu kinachochemka: ukigeuka kidogo, uso wake si ule uliouacha. Basi hapana budi litazamwe mfululizo, na dunia nayo inazunguka. Chile ikipitwa, mwingine ashike zamu. Kati ya vituo 8 vilivyoshiriki mwezi wa Aprili, 2017, hakuna hata kimoja kilichokuwa Afrika. Wataalamu wa Namibia na wa Uholanzi walikusudia kuziba pengo hilo kwa kujenga darubini ya namna hiyo juu ya mlima Gamsberg, Namibia, wenye karibu mita 2,350.

Tulipomweleza kijana wetu haya, hakuridhika. "Mbona Udzungwa yetu yapita mita 2,500?" Ni kweli, na ni milima ya wilaya hii hii. Lakini pepo za Bahari ya Hindi huja na unyevu wake zikaumwaga hapo. Ndio unaolisha misitu na mito, na ndio uliotuficha hilali. Gamsberg iko kando ya jangwa. Alinyamaza, lakini usoni tuliona kwamba ameona uchungu kwa ajili ya mlima wake.

Usiku ule ule, baada ya Isha, ukungu uliachana kwa muda mfupi. Nyota za Nge zilikuwa karibu na utosi. Tulimwonyesha kijana mahali penyewe, kati ya buruji za Akarabu na Kausi, ambapo nuru yake husafiri miaka 27,000 hivi mpaka itufikie. Akasimama amenyoosha kidole, blanketi limemwanguka, mpaka mzee mwenye nyumba akatuita tuingie ndani kabla makaa hayajazimika.