Ubeti wa Kwanza

Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga alipozitunga habari za Wadachi kutamalaki Mrima, vita vilivyoanza Pangani mwaka 1888, bahari ya utenzi ilikuwa na sharti zake tangu zamani: mishororo minne, mizani nane kila mmoja, vina vya mitatu ya mwanzo viafikiane, na kina cha nne kirejee kila ubeti hadi tamati. Sharti hizo ni kielelezo cha tenzi zote. Utenzi wenyewe huzaliwa ubeti wa kwanza unapotamkwa.

Kijana wa Tanga ajifunzaye leo lugha ya kompyuta iitwayo Java hukutana na jambo hilo kwa majina mageni. Klasi ni kielelezo. Objekti ni kiumbe kitokacho katika kielelezo hicho. Konstrakta ni maagizo yatendekayo mara moja, objekti inapozaliwa, kuipa thamani zake za mwanzo. Fikra ya klasi na objekti ilitoka Norway, kwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, katika Simula 67. Java ikaja mwaka 1995.

Tuseme kijana ameandika klasi ya Jahazi, yenye jina, nahodha na tani, asiandike konstrakta. Java humwekea iliyo tupu. Jahazi litaumbwa kimya kimya: tani 0, jina hakuna, nahodha hakuna. Litaelea hivyo mpaka siku programu itakapomwamuru nahodha asiyekuwapo. Hapo itaanguka, mbali na palipokosewa. Akiandika konstrakta moja tu, idaiyo vyote vitatu, asiyevitoa hapati jahazi. Ukali huo wa mapema ni rehema.

Tena ipo thamani itangazwayo kuwa haibadiliki. Hiyo sharti iwe imekwishawekwa konstrakta inapomaliza kazi; baadaye haipokei nyingine. Mpenzi wa tenzi anaujua mkataba huo: kina cha mshororo wa nne, kikishawekwa katika ubeti wa kwanza, humfunga mtunzi kwa mamia ya beti ambazo bado hajazifikiria.

Basi kijana asidhani somo hili limemjia lote kutoka ng'ambo. Waliomghania tenzi utotoni walikwishamfundisha kwamba kitakachobebwa hadi mwisho hutiwa mwanzoni.