Darubini iliyokaa juu ya kabati miaka mitatu

Kwa miaka mitatu darubini ya mwalimu mmoja mstaafu wa sayansi, mkazi wa Nzuguni jijini Dodoma, ilikaa juu ya kabati imefunikwa kitenge. Haikuwa mbovu. Rafiki aliyekuwa akiitumia naye alifariki dunia mwaka 2022, na mwalimu anasema hakuona sababu ya kuishusha peke yake.

Walianza mwaka 2016. Septemba 1 mwaka huo jua lilipatwa kipete, na sehemu nzuri ya kulitazama ilikuwa Rujewa, wilayani Mbarali, Mbeya. Walimsikia Dk Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwaelimisha Watanzania kuhusu anga, akilielezea tukio hilo. Wakapanda basi kupitia Mtera na Iringa, na miwani maalumu ya kutazamia jua mfukoni. Karibu saa sita mchana mwezi ulikaa katikati ya jua, ukabaki mduara wa moto kwa takribani dakika tatu.

"Tulipiga kelele kama watoto," anasema mwalimu. "Tuliporudi tukachanga hela, tukanunua darubini ndogo ya mtumba."

Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anaelekeza darubini, mwingine anashika tochi iliyofungwa karatasi nyekundu, anasoma ramani ya nyota na kuandika daftarini. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na mwanga mweupe wa simu huiharibu kazi hiyo kwa sekunde chache tu. Ndiyo maana sheria yao ya kwanza ilikuwa simu zikae ndani. (Wapo wazazi wangeitamani sheria hiyo hata mezani.)

Nyumba ya jirani anaishi mtumishi wa umma aliyehamia kutoka Dar es Salaam na wizara yake. Alikuja na mwanawe wa kiume wa miaka 13. Mama na wadogo zake walibaki. Baba anakiri kuwa chakula cha usiku kililiwa kimyakimya, kijana na simu yake, yeye na taarifa ya habari. Hawakuwa wamegombana. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 inasema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na vijana ni miongoni mwa wanaoguswa zaidi. Mzazi anaweza kudhani mtoto mwenye baba ndani ya nyumba hayumo katika hesabu hiyo.

Usiku mmoja wa Julai umeme ulikatika. Kijana akatoka nje, akamkuta jirani yao barazani.

"Shikamoo babu. Zile nyota nne zinaitwaje?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Huo ni Msalaba wa Kusini. Sasa geuka kaskazini, utafute Dubu Mkubwa."

Dodoma iko nyuzi sita tu kusini mwa Ikweta, hivyo majira hayo makundi yote mawili huonekana kwa pamoja. Kesho yake kitenge kiliondolewa.

Jumapili ya Septemba 7, 2025 mwezi ulipatwa wote, na safari hii baba naye alibeba kiti chake. Kivuli kilianza kuumega saa 1:27 usiku, ukiwa umeshapanda juu ya mwanga wa Mtumba. Kuanzia saa 2:30, kwa dakika 82, ulikuwa na rangi ya kutu, na nyota zilizokuwa zimefichwa na mbalamwezi zikarudi. Mwalimu alieleza kuwa mwezi unaopatwa hutazamwa kwa macho matupu bila madhara. Jua ni habari nyingine: miwani ya kawaida ya jua na filamu za eksirei hazimkingi mtoto, na retina huungua bila maumivu. Agosti 2, 2027 jua litapatwa tena, na Tanzania litaonekana likimegwa sehemu.

Kisha akaielekeza darubini chini ya mwezi, kwenye Zohali, sayari yenye pete. Kijana alichungulia, akanyanyua uso.

"Babu, mbona pete hakuna? Naona kijiti tu kimepita katikati."

"Mwaka huu zimetugeukia ubavu. Zitafunguka kidogo kidogo. Mpaka 2032 hivi ndiyo utaziona zimekaa vizuri."

Kijana akahesabu kwa vidole. "Nitakuwa na miaka 20. Tutaziangalia hapahapa?"

Mwalimu, mwenye miaka 71, aliinama kukaza skrubu ambayo baba anasema haikuwa imelegea.

"Shika tochi vizuri," akamwambia. "Andika saa."

Kijana akafungua daftari. Juu ya ukurasa palikuwa na mwandiko wa mtu mwingine, wa mwaka 2022. Akaruka mstari mmoja, akaandika.